Jinsi nyumba za ibada zinavyoweza kujipangia usalama polisi wakiwa mbali

GARBATULLA ni mji mdogo katika Kaunti ya Isiolo, katika ukanda wa barabara inayotoka Isiolo kuelekea Modogashe, na kutoka huko hadi Wajir ama Garissa. Wakazi wake wengi ni Waborana wa dini ya Kiislamu. Kando yao wanaishi walimu, wauguzi, polisi na wafanyabiashara kutoka sehemu nyingine za nchi, wengi wao Wakristo, ambao huenda kanisani Jumapili jinsi majirani wao wanavyoenda msikitini Ijumaa. Mji wa Isiolo, ambako kuna hospitali ya rufaa ya kaunti na makao ya wakuu wa usalama, uko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Umbali huo ndio kiini cha swali ambalo kamati za misikiti na makanisa kaskazini mwa Kenya haziwezi kulikwepa. Iwapo bunduki italia wakati wa ibada, ni nani atakayefunga mlango, nani atakayepiga simu, na nani atakayebana jeraha la mtu anayevuja damu katika dakika 30 za kwanza, kabla ya msaada wowote kutoka nje kufika?

Swali hilo si geni duniani. Kuna jamii moja ambayo imeliuliza kwa muda mrefu kuliko nyingi nyingine, nayo ni Wayahudi. Kwa sababu mashirika, shule na masinagogi yao yamelengwa katika mabara kadhaa, wamebuni utaratibu wa kujilinda ambao sasa unaigwa na makanisa na misikiti. Wenye misimamo tofauti kuhusu siasa za Mashariki ya Kati hawana haja ya kuibadilisha ndipo waufahamu utaratibu huo. Mlango wa sinagogi na mlango wa kanisa la AIC Garissa hutegemea bawaba za aina moja.

WAYAHUDI NA KENYA

Historia ya Wayahudi nchini ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia kwa Waziri wa Makoloni Joseph Chamberlain, ilijitolea kuwapa eneo la Uasin Gishu wawe na makao. Pendekezo hilo, ambalo historia imelibandika jina la mpango wa Uganda ingawa ardhi yenyewe iko Kenya, lilikataliwa na Wazayuni wenyewe mwaka 1905. Familia chache hata hivyo zilikuja na kukaa, na jijini Nairobi sinagogi ingali iko kando ya barabara ya University Way. Nchini Uganda, karibu na Mbale, wapo Abayudaya, Waafrika waliofuata dini hiyo tangu mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, na ambao walipigwa marufuku kuabudu wakati wa utawala wa Idi Amin.

Hatari nayo ilibisha hodi mapema. Desemba 31, 1980, bomu lililipuka katika hoteli ya Norfolk, Nairobi, iliyokuwa mali ya familia ya Kiyahudi ya Block, na kuua takriban watu 20. Shambulio hilo lilihusishwa na msaada ambao Kenya iliwapa makomando wa Israeli waliowaokoa mateka katika uwanja wa ndege wa Entebbe mnamo Julai 1976.

Kisha ikaja Novemba 28, 2002. Gari lililosheheni vilipuzi lilivurumishwa hadi kwenye hoteli ya Paradise, Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, wakati wageni kutoka Israeli walikuwa wakipokewa. Karibu wakati uo huo makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya shirika la Arkia iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa; yalikosa shabaha. Hotelini walikufa watu 13 mbali na washambuliaji. Watatu walikuwa Waisraeli. Kumi walikuwa Wakenya, miongoni mwao wacheza ngoma waliokuwa mlangoni kuwakaribisha wageni.

Hesabu hiyo ya kumi kwa watatu yafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba usalama wa kikundi fulani ni shauri la kikundi hicho peke yake. Anayesimama mlangoni, awe bawabu, mchuuzi au mpita njia, ndiye anayekutwa kwanza.

MLANGO ULIOKATAA KUFUNGUKA

Nchini Uingereza, shirika la Community Security Trust, lililosajiliwa mwaka 1994, hutoa mafunzo kwa wajitoleaji wanaolinda masinagogi na shule za Kiyahudi, hurekodi visa vya chuki na kushirikiana na polisi. Nchini Marekani kazi kama hiyo hufanywa na Secure Community Network, lililoundwa mwaka 2004. Mashirika haya yana fedha na wataalamu ambao Garbatulla haina. Lakini ukiyatazama mafunzo yao kwa makini, sehemu kubwa ni mambo ya busara ya kawaida yaliyowekwa katika mpangilio: kujua ni hatari gani inayowezekana, kuteua mtu mmoja mwenye jukumu, kuimarisha mlango, kufanya mazoezi, na kujua nani atapigiwa simu.

Oktoba 9, 2019, katika mji wa Halle, Ujerumani, Wayahudi wapatao 50 walikuwa katika ibada ya Yom Kippur, siku yao takatifu kuliko zote. Mtu mwenye silaha alifika na kujaribu kuingia kwa kufyatulia mlango risasi. Waumini walimwona kupitia kamera. Hakukuwa na polisi nje. Mlango, uliokuwa wa mbao na umeimarishwa, ulikataa kufunguka. Mshambuliaji aliondoka kwa hasira akawaua watu wawili, mmoja mpita njia na mwingine katika duka la vyakula.

Miaka sita baadaye, Oktoba 2, 2025, siku ya Yom Kippur tena, mtu aliwagonga watu kwa gari nje ya sinagogi ya Heaton Park jijini Manchester na kuanza kuwadunga kwa kisu. Waliokuwa ndani walifunga milango na kuishikilia kwa miili yao. Polisi walimpiga risasi dakika saba baada ya kupigiwa simu. Waumini wawili walikufa, na ilibainika kwamba mmoja wao alipatwa na risasi ya polisi wenyewe.

Visa hivi viwili vinafunza jambo ambalo mafundi wa Garbatulla wanaweza kulitekeleza bila mtaalamu kutoka ng'ambo. Mlango wa mbele wapaswa kuwa mzito, ufungike kutoka ndani kwa komeo moja ambalo hata mtoto anaweza kulisukuma, na awepo mtu aliyepewa kazi ya kulisukuma. Papo hapo kuwe na njia ya pili ya kutokea upande mwingine, isiyorundikwa viti vibovu na magunia ya saruji, kama ilivyo ada katika majengo mengi ya ibada nchini. Kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyesafiri kwenda Isiolo ni hatari kuliko kutokuwa na kufuli.

Suala la mgeni ni gumu zaidi. Januari 15, 2022, rabi Charlie Cytron-Walker wa Colleyville, Texas, alimfungulia mlango mtu aliyeonekana kusumbuliwa na baridi akamtengenezea chai. Mtu huyo alitoa bunduki na kuwashika mateka watu wanne. Mmoja aliachiliwa; baada ya takriban saa 11 rabi alimrushia mshika bunduki kiti, na watatu waliosalia wakatoroka. Baadaye alisema mafunzo ya usalama aliyoyapata ndiyo yaliyowaokoa. Hakusema kwamba alijuta kumkaribisha mgeni.

Kwa Waborana, kama ilivyo kwa jamii nyingine za wafugaji, kumnyima mgeni maji ni aibu kubwa. Hakuna mpango wa usalama utakaofaulu Garbatulla ukiwataka watu waiache desturi hiyo. Kinachowezekana ni kuitumia. Mgeni anayepokewa kwa salamu ndefu, akaulizwa atokako, ni wa nani na anaelekea wapi, amekwisha kuhojiwa bila kujua. Mashirika ya Kiyahudi huwafunza wajitoleaji wao kusimama mlangoni na kumsalimu kila anayeingia kwa sababu iyo hiyo: mwenye nia njema hufurahia salamu, mwenye nia mbaya hutafuta njia ya kuikatiza.

WALINZI WALIUAWA KWANZA

Kaunti jirani ya Garissa ina somo lake chungu. Jumapili ya Julai 1, 2012, washambuliaji waliyavamia makanisa mawili mjini Garissa kwa wakati mmoja, la AIC na la Katoliki. Katika kanisa la AIC walianza na polisi wawili waliokuwa wakilinda nje. Waliwaua, wakachukua bunduki zao, kisha wakarusha gruneti ndani na kuwafyatulia risasi waliokimbia nje. Watu wasiopungua 15 walipoteza maisha.

Kuwepo kwa polisi wawili langoni hakukutosha. Mlinzi anayesimama mahali pamoja kila Jumapili, akitazama upande mmoja, amevaa sare na kubeba silaha inayotamaniwa, huwa shabaha ya kwanza. Ndiyo sababu mipango mingi ya siku hizi huweka jicho la pili mbali na lango: mtu asiye na sare, aliyekaa penye kivuli upande wa pili wa barabara, akiwa na simu au filimbi. Kazi yake si kupigana. Kazi yake ni kuona mapema na kupiga kelele, ili walio ndani wapate sekunde kumi za kufunga mlango.

Hata huko Ulaya wajitoleaji wamelipa kwa uhai wao. Usiku wa kuamkia Februari 15, 2015, Dan Uzan, kijana wa miaka 37, aliuawa nje ya sinagogi ya Copenhagen, Denmark, alipokuwa akilinda sherehe ya msichana mmoja. Takriban watu 80 walikuwa ndani.

Baada ya mauaji ya Garissa, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao wangesaidia kuyalinda makanisa. Adan Wachu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu nchini, SUPKEM, alikuwa miongoni mwa waliolisema hilo wazi. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2015, abiria Waislamu waliokuwa katika basi lililokuwa likielekea Mandera walikataa kujitenga na Wakristo walipoamriwa na washambuliaji kufanya hivyo. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi katika kisa hicho, alifariki Januari 2016.

Hayo hayapatikani kwa fedha za wafadhili. Lakini yanaweza kuandaliwa. Kanisa na msikiti katika mji mmoja zinaweza kukubaliana mapema kwamba vijana wa msikiti watakaa nje ya kanisa saa za ibada ya Krismasi na Pasaka, na vijana wa kanisa watafanya vivyo hivyo wakati wa swala ya Iddi uwanjani. Asidhani mtu kwamba msikiti hauna haja ya ulinzi. Machi 15, 2019, mtu mmoja aliwaua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, waliokuwa wakiswali Ijumaa.

Ukitazama tarehe, utaona kuwa kalenda ni silaha mikononi mwa mshambuliaji. Halle na Manchester zilikuwa Yom Kippur, Garissa mwaka 2012 ilikuwa Jumapili asubuhi, na Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa Aprili 2, 2015, Alhamisi ya kabla ya Pasaka. Kamati ya usalama ikiwa na nguvu za kulinda siku chache tu kwa mwaka, siku zenyewe zinajulikana tangu Januari.

KELELE ZISIZO NA MPANGO

Agosti 7, 1998, kabla ya bomu kulipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, kulisikika mlipuko mdogo na milio ya risasi. Watu katika majengo ya karibu walikimbilia madirishani kutazama. Bomu lenyewe lilipolipuka, vioo viliwararua nyuso na macho. Watu 213 walikufa jijini humo, maelfu wakajeruhiwa, na wengi wa majeruhi hao waliumizwa na vioo. Somo lake ni fupi: ukisikia mlipuko, jitenge na dirisha, lala chini nyuma ya ukuta.

Hofu yenyewe huua pia. Siku kumi tu baada ya shambulio la Garissa, Aprili 12, 2015, transfoma ya umeme ililipuka karibu na bweni la Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kikuyu. Wanafunzi walidhani wamevamiwa wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Novemba 30 mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kujiandaa kwa ugaidi, na wengi hawakujua kwamba lilikuwa zoezi. Risasi zilisikika, watu wakaruka madirishani. Mfanyakazi mmoja alifariki kutokana na majeraha.

Kwa hivyo zoezi ni la lazima, na zoezi la kushtukiza ni kosa. Jamii za Kiyahudi huwatangazia waumini siku na saa, hueleza kitakachofanyika, kisha hufanya polepole. Hakuna risasi za bandia. Waumini huonyeshwa mlango wa pili, wazee na akina mama wenye watoto hupewa watu wa kuwasaidia, na mwishoni watu huhesabiwa. Kanisa la watu 80 linaweza kufanya hivyo kwa dakika 15 baada ya ibada, na wakacheka huku wakifanya.

Kuhesabiwa huko si jambo dogo. Baada ya mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, jamaa walikusanyika katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, wakiwasubiri wanafunzi walionusurika, huku wengine wakipanga foleni kwenye chumba cha maiti cha Chiromo kutambua miili. Familia nyingi zilikaa siku kadhaa bila kujua. Daftari la waumini, likionyesha majina na nambari ya simu ya jamaa mmoja wa kila mtu, lingepunguza mateso ya aina hiyo. Daftari lenyewe ni siri na lapaswa kutunzwa na watu wawili, mmoja akikaa nje ya boma la kanisa.

Kisa hicho cha chuo kikuu kinafundisha pia kuhusu muda. Tahadhari zilikuwa zimetolewa siku chache kabla kwamba chuo kikuu kingeweza kulengwa. Shambulio lilianza alfajiri, likiwakuta baadhi ya wanafunzi Wakristo katika maombi ya asubuhi. Kikosi maalumu cha Recce kilitoka Nairobi na operesheni yake ya mwisho ilifanyika jioni. Garissa ni makao makuu ya kaunti, yenye kambi ya kijeshi na uwanja wa ndege. Ikiwa huko msaada uliohitajika ulichukua saa nyingi hivyo, mtu hahitaji kuwa jenerali kukadiria hali ingekuwaje mahali padogo zaidi.

DAMU HAINGOJI GARI

Kwa sababu hiyo, pengine jambo lenye manufaa makubwa kuliko lolote katika mpango wowote wa Garbatulla si kamera wala ukuta. Ni huduma ya kwanza. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa damu anaweza kufa katika dakika chache. Kubana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachilia, au kufunga mkono au mguu juu ya jeraha kwa ukanda mpana na kuukaza hadi damu ikome, ni ujuzi unaofundishika kwa siku moja. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza, na nambari yake ya dharura ni 1199. Garbatulla ina hospitali ya kaunti ndogo, na wauguzi wake wengine ni waumini wa nyumba hizo hizo za ibada.

Ujuzi huo hautakaa bure hata kama hakuna gaidi atakayewahi kufika. Barabara ina ajali, bodaboda huanguka, mizozo ya malisho huleta majeraha ya risasi, na wafugaji huumwa na nyoka. Mpango wa dharura unaongoja tukio moja tu la kutisha husahaulika baada ya mwaka. Ule unaotumika kila mwezi kwa mambo madogo huwa hai siku ya jambo kubwa.

KUMBUKUMBU ZA DAABA

Kuna kikwazo kimoja ambacho vitabu vya mafunzo vya London na New York havikitaji. Kila mpango wa aina hii hutegemea wananchi kuwaambia polisi wanachokiona. Garbatulla ina sababu zake za kusita.

Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, serikali iliwakusanya Waborana wa Isiolo katika kambi zilizozungushiwa ulinzi, na Garbatulla ilikuwa mojawapo. Mifugo ilikufa, watu wakafa, na waliosalia wakatoka mikono mitupu. Kipindi hicho wazee hukiita daaba, yaani wakati wa kuzuiliwa. Wajukuu wa waliokuwemo wameishi pia na misako ya baada ya mashambulio ya karne hii, ambapo kijana hukamatwa kwa sababu ya jina au mavazi yake.

Kwa hivyo kumwambia mzee wa Garbatulla kwamba wajibu wake ni kuripoti, na kuishia hapo, ni kupoteza wakati. Mpango wa Nyumba Kumi, uliozinduliwa na serikali mwaka 2013, ulikwama sehemu nyingi kwa sababu hii hii: ulionekana kama masikio ya serikali wala si macho ya jirani.

Waborana wa Waso wanao utaratibu wao wa kale unaoitwa dedha, ambapo wazee wa malisho huamua ni eneo gani lichungwe msimu wa mvua, lipi lihifadhiwe kwa kiangazi, nani aruhusiwe kuingia na nani atozwe faini. Ni mfumo wa kupanga dharura, maana ukame ndiyo dharura iliyozoeleka kuliko zote kaskazini. Habari za mgeni aliyeonekana kisimani au za nyayo zisizojulikana hufika kwa wazee wa dedha kabla ya kufika kituo cha polisi. Kamati ya usalama ya nyumba za ibada itakuwa imeanza vyema ikiwaketisha wazee hao, imamu, padri au mchungaji, chifu na mkuu wa kituo cha polisi katika mkutano mmoja, na wakubaliane mambo mawili mbele ya wote: taarifa zipitie kwa nani, na aliyetajwa katika taarifa atatendewaje. La pili lina uzito kuliko la kwanza. Mama hatasema mwanawe ameanza kupigiwa simu na watu wasiojulikana iwapo anajua hatamwona tena.

Isitoshe, si kila hatari hutoka Somalia. Julai 14, 2005, Askofu Luigi Locati, mkuu wa Kanisa Katoliki Isiolo, aliuawa kwa kupigwa risasi jioni mjini Isiolo. Hakufa kwa bomu la mtu aliyevuka mpaka. Ndiyo maana hatua ya kwanza katika mafunzo ya mashirika ya Kiyahudi ni kuandika orodha ya hatari zinazowezekana kwa kweli mahali hapo, kuanzia moto, wizi, ugomvi wa ardhi na ugomvi ndani ya nyumba yenyewe, ndipo ugaidi ufuate.

Kuhusu silaha, neno ni fupi. Sheria ya Silaha, Sura 114, haimruhusu raia kumiliki bunduki bila leseni, na kanisa au msikiti wenye bunduki zisizo halali utakuwa umejiongezea hatari mbili, moja ya polisi na nyingine ya wezi wa silaha. Polisi wa akiba wapo kwa kazi hiyo, chini ya amri ya polisi.

Gharama nazo si za kutisha. Komeo la chuma na bawaba nzito ni kazi ya fundi wa kuchomelea kwa siku moja. Filimbi tatu, kipaza sauti cha betri, tochi, sanduku la huduma ya kwanza na machela mbili za turubai na miti zinaweza kununuliwa kwa sadaka za Jumapili chache au mchango wa Ijumaa. Kinachogharimu zaidi ni muda wa mtu mmoja atakayekagua kila mwezi kwamba tochi ina betri, bandeji hazijaliwa na panya, na nambari za simu zilizobandikwa ukutani bado ni za watu waliopo. Katika mji ambao maafisa wa serikali huhamishwa mara kwa mara, nambari ya mkuu wa kituo iliyoandikwa mwaka jana huenda sasa inalia mfukoni mwa mtu aliyeko Kisii.

Mtandao wa simu nao hupotea. Kamati yafaa ijue mapema ni wapi mjini simu hushika hata siku mbaya, nani ana pikipiki yenye mafuta wakati wa ibada, na ni nyumba ipi ya jirani itakayofunguliwa watoto wakimbilie. Mwenye nyumba hiyo aulizwe sasa, akubali sasa, na watoto wapelekwe siku moja baada ya ibada wakaione njia na wapewe chai.